Ubatizo wa Kwenye Beseni

Mwenzangu, shika simu! Ndiyo tunatoka kanisani, na hasira hizi zitaniua.

Yule mama mkwe wa dada. Yule yule!

Padre ameshachota maji, dada amempakata mtoto, mara bibi huyo kasimama: "Huyu ameshabatizwa!"

Kanisa zima likageuka kumtazama.

Eti alimbatiza mwenyewe nyumbani, dada akiwa kazini. Kwenye beseni la kuogea! Eti mtoto alikuwa na mafua, akaogopa asije akafa bila ubatizo. Mafua, jamani!

Na anavyojishaua sasa, kidevu juu, utadhani askofu.

Padre akamwambia taratibu, "Kukiwa na hatari ya kifo, mtu yeyote anaweza kubatiza. Ulisema maneno gani, mama?"

Akayatoa, macho makavu: "Nilimmwagia maji nikasema, nakubatiza uwe wa ukoo wetu, usirithi kiburi cha mama yako."

Usirithi kiburi cha mama yako! Mbele ya watu wote! Na dada yuko pale pale, machozi yanamlengalenga.

Padre akasema, "Mama, hapo hukubatiza. Ulimwogesha."

Watu wakaangua kicheko. Lakini ngoja, bado.

Unamjua shemeji, asiyethubutu hata kukohoa mbele ya mama yake? Akamchukua mtoto kwa dada, akamsogeza kwenye maji, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Padre, mbatize mwanangu. Na maji yakibaki, ummwagie na mama yangu."