Waya wa Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba; salamu zako zimefika hapa Shella. Mamako hajambo, na paka wako kazaa tena.

Waulizia kama waya wa spika wa bei ghali waongeza utamu wa sauti. Usichanani mwangu, jirani yetu Zuhura aliletewa wake kutoka Dubai, mnene, wa rangi ya dhahabu. Kila harusi akaitwa yeye na muziki wake. Mimi pia nilikuwa na spika zangu, lakini muziki wangu ukabaki nyumbani. Kijicho kilinila.

Kwenye harusi ya binamu yangu waya ule ukakatika. Zuhura akaunga waya wa pasi kuukuu, akaufunika kwa leso. Wanawake wakazidi kusifu: "Waya wa Dubai huo!" Nami niliyeona, nikasikia utamu ule ule. Kumbe spika zake ndizo zilizozishinda zangu. Hilo laniuma mpaka leo.

Nunua spika nzuri, mjukuu wangu, lakini Zuhura asijue kwamba nimezisifu zake.

Bibi yako