Damu ya Kiluguru Haihitaji Vidonge

Jumapili, 20 Julai 2003

Kanisani, kisha pasi. Magauni matatu ya Neema, na la nne nimeliunguza kidogo pindoni. Hapa Edmonton, London, joto, madirisha yote wazi. Jumamosi mwanangu anaenda Ghana, mji wa Kumasi, likizo ya kumaliza chuo. Anakwenda na Abena, rafiki yake wa darasani. Kanisani wote wanajua. Nimehakikisha. Digrii ya sheria, wa kwanza ukoo mzima! Babu yake alisaini kwa dole gumba.

Roho inaniuma kidogo. Amezaliwa hapa hapa, hajakanyaga Afrika, na anaanza na Afrika ya wenzetu. Morogoro ipo palepale.

Jumanne, 22 Julai

Peckham, saluni ya Mama Abena. Nilikwenda kuuliza habari za huko kwao. Alinipa somo zima huku anasuka. Ukiingia penye wazee, anzia mkono wa kulia kusalimia, usiruke mtu. Nguo za rangi za jeshi, acha. Maji yaliyofungwa tu. Picha, omba kwanza. Kadi ya sindano ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti, bila hiyo hupiti uwanja wa ndege. Usimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Hapo nikacheka. Hilo nilimfundisha Neema kabla hajaota meno.

"Na vidonge vya malaria, dada yangu. Asiruke hata siku moja."

Nikamwambia, "Mwanangu ni Mluguru. Damu yetu na malaria wanafahamiana."

Saluni nzima ikacheka. Nilijisikia vizuri njia nzima kwenye basi.

Jumatano, 23 Julai

Neema karudi na vidonge kutoka kwa daktari. Nimemwambia aviache. Vinavuruga tumbo, vinaleta ndoto mbaya. Vya watalii hivyo. "Sawa, Mama." Mtoto msikivu.

Nimekumbuka klorokwini yetu. Uchungu unakaa kooni mpaka kesho, mwili unawasha, tunajikuna ukutani kama mbuzi. Mama anachemsha mwarobaini, anatufunika blanketi moja pamoja na sufuria, tunatoka jasho huku tunacheka. Homa ilikuwa kama mgeni. Anakuja, analala siku chache, anaondoka. Na wewe unapewa supu ya kuku peke yako, wenzako wanakutazama mdomoni. Nimeitamani ile supu leo.

Jumamosi, 26 Julai

Ameondoka. Sanduku kubwa kuliko yeye. Sikulia mbele ya watu.

Jumatatu, 28 Julai

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilimsimulia safari ya Neema Sista Beatrice, nesi wetu, Mkenya. Nikamletea na ile ya damu ya Kiluguru, nikingoja acheke.

Hakucheka. "Mama Neema, huyo amezaliwa London. Mwili wake haujui malaria. Hata wewe ukirudi leo, ile kinga yako ilishakwisha."

Nikaendelea kukunja mashuka. Shuka moja nikalikunja mara tatu.

Kosmas. Mdogo wangu, miaka minne. Homa ileile, mwarobaini uleule, blanketi lilelile. Tulikuwa saba, tukabaki sita.

Jumatano nimeandika habari za supu na yeye sikumwandika. Miaka yote nasimulia supu, watu wanacheka, Kosmas simtaji. Neema hata hajui kwamba alikuwepo.

Nimemnyima mwanangu dawa. Mimi mwenyewe.

Jumanne, 29 Julai

Kadi ya simu nimeikwangua, namba ya shangazi yake Abena, walikofikia Kumasi, haiiti. Nikatoka shifti moja kwa moja mpaka Peckham, na sare ya kazi mwilini.

Mama Abena aliponisikia akashika kiuno, kitana mkononi. "Kumbe damu ya Kiluguru imekwisha?"

Nikalia mbele ya wateja wake. Akamwacha mtu na kichwa nusu, akapiga simu Kumasi, nyumba moja baada ya nyingine, anafoka Kitwi, lugha yao. Wasichana wako kijijini, mazishi ya mzee wao. Simu huko hakuna. Atatumwa binamu, apitie duka la dawa kwanza, anunue, ampelekee.

Yule mteja wa kichwa nusu ndiye aliyenipa kitambaa.

Alhamisi, 31 Julai

Kimya. Sijala. Naogopa simu ikilia, naogopa isipolia.

Ijumaa, 1 Agosti

Neema amepiga, wamesharudi Kumasi! Binamu alifika kijijini na vidonge, Neema anacheka.

"Mama, mbona nameza kila siku? Nilianza kabla sijaondoka."

"Si ulisema sawa?"

"Nilisema sawa ili usikasirike."

Mtoto mwongo. Alipokuwa na miaka sita nilimchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Leo nimepiga magoti jikoni nikashukuru. Mwanasheria kweli. Na msibani alianzia mkono wa kulia, mzee kwa mzee, hakuruka mtu, wakauliza huyu ni binti wa nani. Hilo kanisani watalisikia Jumapili. Mengine hayawahusu.

Jumapili, 17 Agosti

Alirudi jana. Mzima. Vidonge bado anameza, daktari kasema asiache mpaka vimalizike. Maji ya kumezea nampa mimi.

Huko walimsuka mikia midogo midogo, mpaka kiunoni. Leo imeanza kumuwasha, akanipa kitana. Akakaa chini, katikati ya miguu yangu, kama zamani. Nje manyunyu.

Nikamwambia habari za Kosmas. Alivyopenda kubebwa. Alivyokuwa akiimba kwa sauti kubwa akienda chooni, eti chui asimle. Kisha na yale mengine, ile homa na lile blanketi.

Kichwa chake kikawa kizito gotini kwangu. Nimefumua taratibu, mkia mmoja mmoja, nikitamani isiishe.