Ubao Mlangoni kwa Gladness

Chamwino,
Dodoma.
12 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gladness,

Habari za tangu niwaache? Natumaini wewe, shemeji Octavian na mwanangu Antonia hamjambo, na kile kidole ulichojikata kwa kopo kimeshapona. Huku sote tu wazima. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi za kanisa, lakini nimeyazoea kama jirani mgomvi. Upepo umeshaanza, na vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Kabla sijaendelea, nakuonya. Nakujua vizuri, barua ukiipata unakimbilia chini kusoma salamu, ndipo unarudi juu. Leo usithubutu. Nimefundisha darasa la pili miaka thelathini na moja nikisema anzeni juu, anzeni juu, sasa mdogo wangu mwenyewe aniaibishe? Utajiuliza pia kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Habari hii haifai kusikilizwa na mtu huku anakaanga vitunguu.

Safari ya kurudi ilikuwa njema. Kutoka Dar nilipanda treni ya umeme, nikasinzia kidogo, nilipofumbua macho naona mawe na miiba, nikajua nimefika kwetu. Kaka yetu Obedi alinipokea stesheni na koti, kana kwamba nimetoka Ulaya.

Tangu hapo nimekuwa redio. Kila anayepita anataka habari za nyumba ya Gladness iliyoko ufukweni Msumbiji, na mimi sichoki kutangaza. Nikuambie ukweli ambao nilikuwa hapo mwezi mzima sikukuambia, maana dada mkubwa hamwagi sifa hovyo: nilikuja Inhambane nimejiandaa kukosoa, nikakosa pa kuanzia. Ule ukuta ulionyooka, yale makuti yaliyopangwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka, sakafu nyekundu unayoweza kujiona ndani yake! Bawaba zote umeweka za shaba kwa sababu chumvi inakula chuma. Kwa jirani yako nilishika komeo la geti likabaki mkononi mwangu, nikaona haya nikalirudisha kimyakimya.

Na lile tanki la maji ya mvua. Uliniambia walikucheka ulipofunga mifereji kuzunguka paa lote, eti mtu wa Dodoma hata akiishi kando ya bahari bado anaogopa kiu. Lakini bomba lilipokatika siku tano, nani alikuja na ndoo? Niliwahesabu mwenyewe, nyumba saba. Ukawapa wote bila kuwakumbusha vicheko vyao. Mimi ningewakumbusha.

Jambo moja tu nilikukosoa, nawe unalikumbuka. Siku ya kwanza nilikuona huna akili. Mtu anajenga hatua mia mbili kutoka baharini, kisha anaipa bahari mgongo! Mlango mkubwa na baraza umevielekeza kwenye mikorosho, upande wa bahari umeweka vidirisha ambavyo hata paka angeingia kwa shida. Nikasema pesa yote hii, halafu unatazama korosho? Ukacheka tu.

Kisha ukavuma ule upepo wa siku tatu. Yule jirani mwenye vioo toka juu hadi chini alikuwa anatoa mchanga sebuleni kwa koleo. Sisi tulikaa barazani kwetu tunakula ugali na mlenda niliokuletea, hata kibatari kisingezimika. Nilimeza maneno yangu pamoja na tonge.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki ya pili nilijikwaa mlangoni, nikagundua kwamba nyumba yote imekwisha isipokuwa hapo. Chini ya mlango mkubwa hapana kizingiti. Pana shimo limefunikwa kwa ubao. Nikataka kumwita fundi siku ileile, Octavian akanizuia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza: “Dada, hapo hapaguswi. Gladness anasema pana mwenyewe.” Nilipokuuliza, ukakumbuka ghafla kwamba una chungu jikoni.

Hukuwa na haja ya kunijibu. Katika ukoo wetu nani asiyejua? Kila mtoto wa Baba aliyejenga, kizingiti amekiweka Baba kwa mikono yake. Changu alikiweka nikiwa na mimba ya Noeli, cha Obedi alikiweka akiwa na homa, na hakuna fundi aliyeruhusiwa hata kumshikia mwiko. Ni wewe tu, tangu ukiwa na miaka saba, uliyekuwa unamshikia uzi wa kupimia.

Ndiyo maana ilimuuma vile. Sisi wengine tulikuwa wanawe, wewe ulikuwa mwanafunzi wake. Kiwanja alikutengea, matofali akakuchomea, akayafunika kwa mabua ya mtama kila mwaka akikungoja urudi na kazi yako ya unesi. Halafu habari kwamba umejenga ugenini akazisikia nje ya kanisa, kwa mtu baki. Hapo ulikosea, Gladness, na nadhani unajua. Naye akakosea kwa kukataza nyumba hiyo isitajwe mbele yake, na kwa kumpa mtu mwingine simu kila ulipopiga. Miaka minne. Ana miaka sabini na tisa na dawa za presha mezani, na mimi nilikuwa ninaogopa, nakuambia wazi, kwamba atatutoka na donge hilo moyoni na wewe ubaki nalo lako.

Basi niliporudi nilinyamaza. Picha alikuwa amezikataa kabla sijazitoa. Alisema macho yake ni ya kutazamia mbuzi.

Siku ya nne tulikuwa zizini, anachonga nguzo kwa panga, mimi nimekaa kwenye kinu kilichopasuka. Bila kuniangalia akauliza, “Mlango unatazama wapi?”

Nikasema, “Machweo.”

“Na bahari iko wapi?”

“Mawio, Baba.”

“Upepo?”

“Unatoka baharini.”

Akaweka panga chini. Gladness, alianza kucheka puani kama anavyofanya akitaka kujizuia, kisha ikamshinda, akacheka hadi mbuzi wakasogea. Akasema, “Basi huyo nilimfundisha mimi.” Unajua nyumba zote alizojenga hapa Chamwino zinaupa upepo wa mawio mgongo. Mimi nimelala ndani ya nyumba hizo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Wewe ulikwenda nalo hadi Msumbiji.

Hapo nikamweleza habari za ubao. Hakucheka tena. Aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa mbali kwa sababu ya presha. Alikuwa amesimama kwenye matofali yako, ameondoa mabua, ameweka mkono juu. Nililia kidogo, kisha nikaenda kuchemsha chai.

Wakati wa chai akaniuliza upana wa mlango. Sikuujua! Nikamwonyesha kwa mikono, hivi. Akasema serikali imemlipa mwalimu miaka yote hiyo na hawezi kusafiri na futi kamba. Kwa hiyo tafadhali, ukimaliza kusoma, pima mlango ututumie kipimo, upana na kina cha shimo, maana kila asubuhi ninaulizwa.

Matofali amemwambia Obedi ayachukue ajengee jiko la nje. Yote, kasoro moja. Hilo moja ameliosha, amelifunga kwenye kanga yangu ya zamani, limo ndani ya begi pamoja na mwiko na pima maji. Nikamwambia, Baba, hilo ni zito, na mawe ya kizingiti hata Inhambane yapo. Akanijibu, “Jiwe la juu watatoa wao. Hili linakaa chini yake.” Nimelipima kwa mizani ya dukani kwa Iddy, lina kilo nne na robo. Obedi ataliombea kwa watu wa ndege.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Wiki iliyopita Obedi alimpeleka Baba uhamiaji kuomba pasipoti. Kwenye picha alikataa kuvua kofia hadi binti wa pale alipomwamkia shikamoo mara mbili na kumbembeleza. Daktari amemruhusu kusafiri mradi asiache dawa. Anataka kufika mwanzoni mwa Novemba na kurudi kabla ya mvua, kwani mtama haupandwi na mtu aliyeko pwani. Obedi atamsindikiza. Mlenda nitafunga mwingine.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ubao uache palepale ulipo. Asije fundi yeyote kukusaidia, asije jirani kukuonea huruma, na Octavian akijikwaa avumilie.

Obedi na wifi yako Jenifa wanawasalimu sana. Violeth anasema kitenge ulichomtumia kimemkaa vizuri, asante. Noeli anamsalimu Antonia na anataka kujua kama papa wanaonekana kutoka dirishani. Mungu aliyewapa nyumba awape na siku nyingi za kukaa ndani yake, na awaepushe na tufani.

Imebaki salamu moja. Kwa miaka minne haikuwamo kwenye barua zangu, nawe hukuniuliza, ila najua ndiyo uliyokuwa unaikimbilia huku chini. Ninaiandika neno kwa neno, maana mwenyewe amekaa hapa pembeni anaangalia kalamu yangu:

“Mwambie Gladness baba yake anamsalimu. Anunue uzi mpya. Atanishikia.”

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukosoa,

Loisi