Ng'ombe Aliyebadilika Rangi Buleusa

Buleusa, tarehe 12 Januari

Papa Mukubwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mihogo. Mguu wako je? Mama Mukakalisa bado anaukanda kwa siagi, au umeshamfukuza? Sisi tu wazima. Mume wangu Straton anafundisha, mimi ninajifunza kutwanga sombe, majani ya mihogo, mbele ya mama mkwe ambaye anahesabu mapigo ya mchi wangu.

Najua ulivyoumia kukosa ndoa yangu kwa ajili ya mguu. Ndiyo maana nakutumia ndoa yenyewe. Imo kwenye karte memwari hii ndogo, ambayo Callixte ataichomeka kwenye simu yake kubwa akifika Mweso na pikipiki. Tumukunde, binti wa shangazi, ndiye aliyepiga video. Mimi nimeikatakata kwenye ordinatere, kompyuta ya Straton, nikatia muziki, maana sherehe nzima ilichukua saa nyingi na hapa hata waliokuwepo walikuwa wakisinzia. Utaona keki, utaona wakwe, utaona Papa akimkabidhi Straton ng'ombe uliyetupatia. Papa alimswaga kutoka kwenye zizi lako hadi huku kwa miguu, akafika na viatu vilivyobaki kamba tu.

Kunywa maziwa, tazama, ucheke.

Mtoto wako,
Mukundwa


Mweso, tarehe 25 Januari

Mukundwa mtoto wangu,

Salamu zako zimefika. Mguu uko palepale, siagi imekwisha. Sote hapa tunapumua, na ng'ombe jike mdogo amezaa dume.

Video nimeitazama. Nimeitazama tena mbele ya Callixte na mbele ya mama yako mukubwa. Mtoto, ng'ombe yule si wangu.

Mimi nilitoa gaju. Unamjua, ulimchunga mwenyewe ukiwa mdogo: mwekundu wa udongo mkavu, na baka jeupe begani upande wa kushoto. Katika video yako naona kitu cheusi kama sufuria ya wapishi wa msiba, na baka liko kulia. Tena baba yako anampa Straton fimbo ya kuswagia kwa mkono wa kushoto. Tangu lini Karekezi akatoa kitu kwa mkono wa kushoto? Mtu anayetoa hivyo ana jambo moyoni.

Baba yako alimtamani yule gaju tangu akiwa ndama. Njia kutoka hapa hadi Buleusa ni ndefu, ina mazizi mengi, na alikuwa peke yake. Sitaki kuandika zaidi, karatasi haina haya lakini mimi ninayo. Nimemwambia asikanyage zizi langu. Alisema: "Kaka, unaamini telefone kuliko miye?" Nikamjibu kwamba telefone haina tamaa ya ng'ombe.

Wewe huna kosa. Wasalimu wakwe.

Papa yako mukubwa,
Gisa


Buleusa, tarehe 7 Februari

Papa Mukubwa mpendwa,

Hongera kwa ndama dume. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikalia. Papa naye ameniandikia. Anasema maneno machache tu, kwamba Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani ili asikupite. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo ninaziba leo.

Kwanza, rangi. Siku ile mvua ilitishia, tukatandaza shitingi, turubai la plastiki, juu ya uwanja mzima, ile ya bluu. Mwanga wote ukapita kwenye bluu. Mtazame padri: ana midomo ya mtu aliyezama ziwani. Nitazame mimi: robe yangu nyeupe imekuwa ya samawati. Je, na mimi nilibadilishwa njiani?

Pili, baka. Tumukunde alitaka naye aonekane, kwa hiyo alipofika kwenye ng'ombe aliwasha kamera ya upande wa uso, ile ya kujitazama. Simu yake inahifadhi picha kama kioo, kushoto kunakuwa kulia. Ndiyo maana fimbo ilionekana kutolewa kwa kushoto. Tazama bango la wakwe nyuma yake: herufi zinasomeka kinyume.

Sasa nilihitaji lojisieli, programu ya kukatia video, iliyo nzuri kuliko ile niliyokatia mwanzoni, ambayo haijui rangi wala kugeuza. Hapo nikapata mwalimu wangu. Ya kwanza niliyojaribu ni ya bure, inageuza vizuri, lakini ukimaliza inaandika jina lake kubwa katikati ya picha. Likakaa juu ya tumbo la ng'ombe wako kama alama ya moto ya mwenye zizi. Nikaona nikikutumia hiyo utasema ameuzwa tayari. Ya pili inafanya kila kitu kwa juma moja, kisha inadai karte ya benki, na benki iliyo karibu nami sijui iko milima mingapi. Ya tatu anayo mwalimu mwenzake Straton. Ni bure kweli, haiandiki chochote, ila ni nzito. Ordinatere inapata homa, inavuma, inabidi tuipepee kwa kifuniko cha ndoo, na inafanya kazi tu wakati jenereta ya parokia imewaka. Nimeichagua hiyo.

Ina mahali unapoionyesha kitu ambacho unajua ni cheupe. Nikaionyesha robe yangu. Ikaelewa, ikaondoa bluu yote, na gaju wako akatoka humo akiwa mwekundu hadi nikapiga kelele, mama mkwe akaja mbio na mchi. Kisha nikamgeuza, baka likarudi kushoto.

Video mpya ni hii. Tazama, umwite Papa.

Mtoto wako anayekusumbua,
Mukundwa


Mweso, tarehe 21 Februari

Mukundwa,

Usiombe radhi kwa kunisumbua, ng'ombe haelemewi na nunduye. Tunaendelea. Mama yako mukubwa anakusalimu, anasema kwenye video mpya umependeza na kwenye ile ya zamani ulikuwa maiti.

Gaju nimemwona. Baka nimeliona, kushoto. Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, kisha nikaisoma barua yako tena. Mtoto, umeniambia kwa mkono wako kwamba mashine hiyo inaondoa rangi, inaweka rangi, inahamisha baka kutoka bega hadi bega. Mashine inayoweza kumfanya mweusi awe gaju, itashindwa nini kwa ng'ombe yeyote wa sokoni? Zamani nilikuwa na video moja niliyoiamini. Sasa ninazo mbili, sijui niamini ipi.

Callixte anasema: "Mzee, ile ya pili njo ya kweli, ya kwanza iliharibika." Nikamuuliza anajuaje. Akasema ameona. Na mimi niliona ya kwanza.

Nikwambie kinachoniuma, maana ninakuandikia wewe na si sokoni. Ng'ombe ninao wengine. Karekezi ni mmoja. Tulilala chini ya blanketi moja hadi alipooa, na sasa nikisikia kengele za ng'ombe wake zikipita juu ya kilima ninaingia ndani. Nataka kukosea. Ninakwambia wazi: nataka kukosea, lakini siwezi kudanganywa kwa huruma.

Na jambo moja. Ng'ombe akitolewa, mtu wetu husimama na kusema. Kwenye video yako baba yako anafungua mdomo, na ndani unatoka muziki wa gitaa. Kisha mara keki. Alisema nini?

Papa yako mukubwa,
Gisa


Buleusa, tarehe 19 Machi

Papa Mukubwa mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, mvua ilibeba daraja na Callixte alikaa ng'ambo akila samaki za watu. Sisi ni wazima. Natumaini nawe, na mguu, na Mama, na ndama.

Swali lako lilinikuta nikipepea ordinatere. Nikaizima.

Hotuba ya Papa nilikuwa nimeikata yote. Ukikaa na wakulima unaanza kuona kama wao: ng'ombe amesimama tu, mzee anasema, mvua inapiga shitingi, hakuna kinachotokea. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, nami nikaona bora gitaa. Sikuwa hata nimeisikiliza. Siku ya ndoa nilikuwa ndani, wananifunga kitenge.

Nimemtafuta Tumukunde, na simu yake bado ina ile video ya asili. Nimeinakili jinsi ilivyo. Sikuifungua kwenye lojisieli yoyote, ya bure wala ya benki. Ni ya bluu, ni ya kinyume, kichwa cha Tumukunde kinaziba robo ya picha, na mvua inanguruma. Straton nilimwomba ashuhudie. Ameandika jina lake chini ya barua hii ingawa nilimwambia wewe si hakimu.

Tumeisikiliza pamoja hadi mwisho. Sitakwambia anachosema. Nikikwambia, utasema nami nimekipaka rangi. Sikiliza mwenyewe, na wakati wa kusikiliza geuza simu kifudifudi.

Papa hajui kwamba nimekutumia.

Mtoto wako,
Mukundwa
(na mimi mkwe wako, Straton, nilikuwepo)


Nyumbani kwa Karekezi, tarehe 3 Aprili

Mukundwa mtoto wetu,

Ninakuandikia kwenye meza ya baba yako, naye amekaa karibu mno, ananisahihisha. Tunakusalimu. Mguu usiuulize, umepanda pikipiki.

Niligeuza simu kifudifudi kama ulivyosema. Nikasikia mvua. Kisha Karekezi akaanza kumtaja gaju. Akamtaja kwa jina lake, kwa jina la mama yake, kwa jina la bibi yake, majina niliyoyatunga mimi zizini nikidhani hakuna anayesikiliza. Hakuruka hata moja. Wakwe zako walikuwa wakikohoa, naye akaendelea. Kisha akapiga fimbo chini, akaapa kama wazee wetu wanavyoapa: *Yampaye inka Gisa.* Gisa alinipa ng'ombe.

Wewe umezaliwa kwetu, unajua. Mtu haapi kwa jina la aliyempa ng'ombe huku ng'ombe huyo amemficha. Mwizi anaweza kuapa kwa Mungu, kwa maana Mungu ana subira. Kiapo chetu hiki mwizi haapi.

Sikungoja mwisho. Nilimwambia Callixte aniinue anipeleke. Nilimkuta baba yako uani kwake akikamua. Hakugeuka. Alisema: "Kaka, unaingia mu lupango ya mwizi?"

Nikamwambia: "Mwizi iko miye. Niliiba jina yako, nilitembea nayo mu watu wote."

Akakamua hadi chuchu zikakauka. Kisha akanipa maziwa yote, chombo kizima, akasimama juu yangu hadi nikamaliza. Nilikunywa huku machozi yakiingia humo, na sioni aibu kukuandikia.

Baadaye akataka kusikia alichosema, anadai amesahau. Tukaweka simu mezani, tukaitazama pamoja, yule ng'ombe wa bluu na baka lake la kulia, na kichwa cha Tumukunde. Sauti yake ilipofika kwa bibi wa gaju, betri ya Callixte ikaisha, kioo kikawa cheusi.

Hatukutafuta moto wa kuchaji. Baba yako alisimama akaendelea palepale ilipokatikia, mimi nikashika majina, yeye akashika fimbo, hadi tukamaliza.

Baba zako,
Gisa na Karekezi