Niliyoyasema Ngazini

Jumapili, 5 Oktoba

Mikutano mitatu leo, yote ya kurekodiwa. Watu wa Nairobi wanabishana kuhusu mabomba ya maji, mimi niko Azaiba, hapa Muscat, na vifaa masikioni, naandika kila neno. Tangu kampuni ifunge ofisi ya Qurum, kazi ni hii, chumbani. Nilihamia huku nikitafuta utulivu. Nimeupata mpaka unanikera. Asubuhi magari yote yanakwenda mjini, mtaa unabaki na paka. Sina gari, kwa hiyo nami ni paka.

Mtandao wa simu unashika kwenye ngazi za nje tu. Hapo ndipo naongea na dada yangu, Wanjiru. Leo tena nimemsimulia habari za mama mwenye nyumba anayekaa chini: uso wa aliyelamba ndimu, Kiarabu peke yake, salamu kwa kidevu. Nikasimama nikatembea kama yeye, na yale magoti yake magumu. Tumecheka mpaka machozi. Nikalalamika pia kuwa kiyoyozi kinavuja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Fundi wa kiyoyozi amegonga mlango asubuhi. Sikumwita. Salim, mtoto wa mama mwenye nyumba, ambaye huongea nami Kiingereza, anasema yuko kazini na hana habari.

Bahati, basi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mafua. Jana nilimwambia Wanjiru ningepata kikombe cha uji tu, ningepona.

Leo nimefungua mlango, nimekuta jagi. Uji. Muscat! Una hiliki na pilipili manga, si kama wa mama, lakini ni uji. Nimeunywa wote huku nikiogopa. Nimeosha jagi likang'aa, nikaliacha kwenye ngazi ya mwisho chini. Nani amemwambia mama wa chini?

Jumanne, 14 Oktoba

Ninasikilizwa. Sina shaka tena. Nimefungua taa ya mezani vipande vipande, nimebandika plasta kwenye kamera ya kompyuta, nimechungulia ndani ya kiyoyozi alichoshika yule fundi. Vumbi tu. Mimi ninayelipwa kusikiliza watu! Najiona mjinga.

Na kichwa changu hakiko hapa. Mama anapasuliwa Alhamisi, uvimbe tumboni. Daktari hakuahidi kitu. Wanjiru yuko naye. Hapa sijamwambia mtu. Sina wa kumwambia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niandike yote kabla sijalala.

Nilikaa ngazini tangu mchana. Wanjiru hashiki simu. Nilimpigia na kumpigia. Nikalia, si kidogo. Nikasikia sauti chini ya ngazi:

"Mamako keshatolewa chumba cha upasuaji?"

Nikajibu, "Bado."

Kisha nikasikia nilichoulizwa, na kwa lugha gani. Nikainua uso. Mama mwenye nyumba, tasbihi mkononi.

Akaketi ngazi ya chini, magoti yale yale, akawa anavuta tasbihi. Tukangoja hivyo, mgongo wake mbele ya macho yangu. Simu ilipolia nusura niiangushe. Mama ametoka. Ameamka. Anadai chai. Nikamwambia yule mama kwamba ni mzima. Akasema alhamdulillah, akaingia kwake, akafunga mlango.

Mama mzima. Mama yangu mzima. Na mimi nimekwisha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nakumbuka kila kitu. Ndimu. Kidevu. Nilimwita jini la Azaiba. Nilisema udi wake unafaa kufukuzia mbu. Kwa Kiswahili, kwa sauti, juu ya kichwa chake. Waomani wa Zanzibar nilishawasikia soko la Matrah, wakinunua na kucheka kwa Kiswahili. Haikunijia kwamba mmoja anakaa chini ya miguu yangu. Wanjiru amecheka, kisha amesema hama.

Nimepanga sanduku. Nikashuka kuaga na kuomba radhi. Akaniingiza, akamimina kahawa, akasema taratibu:

"Nlikusikia ukinisema siku ya kwanza, pale getini. Ningekujibu ungeona haya, ungekimbia. Mgeni husitiriwa."

Miezi miwili mama huyu amejifanya hajui lugha aliyozaliwa nayo ili mimi nisiaibike. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, na kutembea kwako je, nilivyokuigiza?

"Uliniigiza vizuri, nlikuona dirishani. Lakini jagi langu umelirejesha tupu. Hilo limeniuma."

Nilidhani anatania. Hatanii. Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama ni ndimu mbili ndani. Matusi yote yale ameyameza, jagi limemkwama kooni. Na mimi nilikuwa nikijisifu nililing'arisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Mkutano mmoja tu. Mabomba bado.

Nimepika mukimo, viazi vya kuponda vya kwetu, na mahindi ya kopo kwa kukosa mengine. Nimepeleka bakuli limejaa. Ameonja, amesema hauna chumvi, amekula. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati.

Jioni Wanjiru amepiga. Mama ametembea mpaka mlangoni na kurudi. Nimekaa pale pale ngazini. Dirisha la chini lilikuwa wazi, harufu ya udi inapanda. Wanjiru akauliza yule jini wangu hajambo?

Nimemwambia anaitwa Bi Zuwena. Jina nimelitaja kwa sauti, asikie.