Mama amezing'arisha bastola za Zephaniah

Cherono uko? Zephaniah wangu ametoka kazi Pinetown akakuta mamake amesugua zile bastola zake za gumegume kwa majivu ya braai, pale tunapochomea nyama, na waya ya kusugulia sufuria.

Zote mbili. Za enzi za mkoloni. Zinang'aa kama vijiko vipya.

Akageuza moja akitafuta jina la fundi aliyeitengeneza. Halipo. Hilo jina ndilo lililomfanya ainunue, na mama amelisugua likaisha.

Mama naye, "Mwanangu, kwani mke wako huacha vitu vishike kutu hivi?"

Unajua alijibu nini? "Asante, mama."

Asante mama, Cherono.

Sasa amejifungia chumbani, na mama anabisha akiuliza kama kuna zingine.