Bisibisi Ndogo ya Mzee Cirhuza

Kamembe, 14 Septemba 2009

Kwa Feza, mjukuu wangu wa Bujumbura,

Jambo mwana wangu. Uko mzima? Unakula? Usiniandikie "ndiyo Koko", niandikie umekula nini. Mimi niko. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, la kulia linamsaidia mwenzake. Anayekuandikia ni Bernadette, jirani, yule aliyekuwa katibu wa parokia, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Barua ataibeba Nzigire, anayevuka mpaka pale Ruhwa kila juma na vitenge vyake.

Sasa sikia. Mashine ya Mzee imekataa kuamka. Jana nimetoka misa, nimefunua kitambaa, nimechomeka waya, nimebonyeza pale ulipotuonyesha. Feni inazunguka, taa ndogo inawaka, lakini kioo ni cheusi kama sufuria ya maharagwe ya Bernadette. Halafu inalia: pii, pii, pii. Inanyamaza, inalia tena mara tatu. Nimelala miaka arobaini na moja pembeni ya fundi wa redio, najua kitu kinachokufa na kitu kinacholalamika. Hii inalalamika.

Feza, tangu tumzike Mzee, kila Jumapili namsikiliza humo ndani, hadithi zake alizorekodi. Sura yake nina picha. Koti lake liko kwa msumari. Sauti yake iko humo tu. Niandikie nifanye nini, na usinipigie simu: maneno ya mashine kwa simu yanapita, karatasi namsomesha Bernadette hata mara tatu.

Koko yako

(Maharagwe yangu hayaungui. Yeye ndiye ananiita kuandika wakati yako motoni. Bernadette.)


Bujumbura, 19 Septemba 2009

Koko mpendwa,

Jambo sana. Pole na goti. Mimi mzima, na jana nimekula ugali, ndagala na mboga ya lengalenga, sahani mbili. Kazini tunafungua kompyuta za watu tangu asubuhi mpaka vidole vinauma.

Milio mitatu mara nyingi maana yake kompyuta haioni kumbukumbu yake. Ndani kuna kibao kijani, chembamba, kirefu kupita kidole cha kati. Vumbi na unyevu vikiingia kwenye meno yake, inalia hivyo. Chomoa waya kwanza. Ondoa skrubu nne za nyuma, fungua ubavu. Kabla ya kugusa kitu, shika lile sanduku la chuma, umeme wa mwilini utoke. Kibao kimeshikwa na vishikio viwili vyeupe: visukume nje, chenyewe kitaruka. Meno yake ni ya rangi ya dhahabu, yasugue taratibu kwa gomu ya kufutia penseli. Kirudishe, ukibonyeze mpaka usikie "tak" mbili.

Usitumie maji, Koko. Najua unavyopenda kuosha vitu.

Mjukuu wako,
Feza


Kamembe, 24 Septemba 2009

Mwana wangu Feza,

Salamu kutoka nyumba hii yote, yaani mimi na kuku. Ndagala, samaki wenu wadogo, ni nzuri lakini si sambaza ya kisiwa cha Nkombo, usijidanganye.

Nimefanya kama ulivyosema. Kwenye sanduku la Mzee nimetafuta ile bisibisi ndogo ya mshiko mwekundu. Haimo. Tangu mwaka ulioondoka haimo. Nimefungua kwa ncha ya kisu. Vumbi nimelitoa kwa unyoya wa kuku, kama Mzee alivyokuwa anafanya, na maji sikutumia, hata kama mikono iliniwasha. Bernadette alishika tochi na kusali. Gomu, tak, tak, tukachomeka. Ikalia pii moja tu, kama muntu anayekohoa akiamka, na kioo kikawaka! Bernadette alipiga kigelegele mpaka bantu ba barabarani bakauliza nani ameolewa.

Lakini imesimama hapo hapo. Maandishi meupe juu ya kioo cheusi, ya Kiingereza, na Bernadette ana Kifaransa peke yake. Ameyachora nyuma ya karatasi hii kama yalivyo. Tulichoweza kusoma ni tarehe: siku ya kwanza ya Januari 1980.

Nikamwambia Bernadette, acha, usiguse. Nikavuta kiti.

1980, Feza. Meza ya Mzee iko pale sokoni, chini ya kibaraza cha duka la nguo. Redio zinamfikia zimefungwa kwenye kitenge kama batoto wachanga: za Bukavu zinavuka daraja, za Rwimbogo zinakuja kichwani, za Nkombo zinanuka samaki. Ananiongelesha na ile bisibisi iko katikati ya meno, namuuliza "unasema nini?", anakasirika, anarudia, bado bisibisi iko mdomoni. Jumamosi mchana anazifungua zote zilizopona, redio nane, tisa, anaziweka kwa stesheni moja. Wimbo mmoja unatoka kwenye midomo tisa. Wamama wanasimama na beseni za sambaza kichwani, wanacheza kiuno chini, beseni juu haitikisiki. Na mimi nilicheza. Goti lilikuwa bado halijajua mvua ni nini. Batoto bangu bote walikuwa wanalala chini ya bati moja.

Hii mashine iko 1980. Haijui kama Mzee amekufa. Nimekaa nayo mpaka Bernadette akasema umeme si wa bure.

Sasa niambie inataka nini.

Koko yako


Bujumbura, 29 Septemba 2009

Koko yangu,

Barua yako nimeisoma kazini nikajificha nyuma ya kabati. Jana nimekula wali na maharagwe, hayakuungua, mwambie Bernadette.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, bapa, kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kukumbuka tarehe mashine ikiwa imelala. Ikiisha, mashine inarudi kwenye mwaka wa kwanza inaoujua, inasimama na kuuliza iendelee au hapana. Bonyeza herufi F yenye 1, juu kabisa kwenye klavie, ile ya kuandikia. Itaendelea.

Lakini betri imekwisha mapema kwa sababu unachomoa waya ukutani. Jumapili mpaka Jumapili, mashine haina kitu kingine cha kunywa, inakunywa hiyo betri. Tafuta nyingine kwa mtu anayetengeneza saa.

Feza


Kamembe, 5 Oktoba 2009

Feza mwana wangu,

Uko salama? Huku mvua imeanza, na radi yake. Unanigombeza eti ninachomoa. Nani alinifundisha? Nusu ya redio zilizokuja kwa Mzee zilikuwa zimepigwa na radi. Alinipa amri moja tu katika ndoa yetu: "Mama, chomoa." Nilichomoa. Nitachomoa.

Betri nimeipata kwa Bahizire. Bado yuko pale pale, meza pembeni ya ile ya Mzee, anatengeneza saa na simu. Amekataa nimlipe na amekusalimia sana, anauliza kama bado unajua kusikiliza redio kwa kuweka sikio mgongoni mwake. Betri iko kwenye kikombe. Sijaiweka. Acha mashine ikae 1980 kidogo, haimsumbui muntu.

Jana tumebonyeza ile F. Ikaamka! Nikabonyeza ile picha ya redio uliyoniwekea kwenye kioo, Mzee akaanza. Hadithi ya mbuzi wa Rwimbogo aliyekula waya wa redio, na mwenye redio akamleta mbuzi kwa fundi. Nimeisikia mara mia, nacheka kabla hajafika. Alipofika pale mbuzi anawekwa juu ya meza, ndani ya mashine kukaanza krr, krr, kama kisu juu ya sahani. Mzee akasema "na... na... na..." kama muntu aliyeshikwa shati. Halafu kimya. Tumezima.

Feza, ule mlio siupendi. Huo si wa kulalamika.

Koko yako


Bujumbura, 8 Oktoba 2009

Koko,

Usiiwashe tena. Tafadhali. Ni diski, sahani inayozunguka ndani, pale sauti ilipoandikwa. Kuna mkono mdogo unaoisoma, nao umeanza kuikwaruza. Kila ukiwasha, inakula sehemu ya sauti. Inaweza kuwaka mara moja tena, inaweza isiwake. Anatakiwa fundi aihamishe sauti kwenye diski nyingine. Mpe yeyote wa hapo Kamembe anayejua.

Feza


Kamembe, 12 Oktoba 2009

Feza,

Jambo. Hukuandika umekula nini. Barua yako ni fupi kama ya polisi.

"Yeyote wa Kamembe"? Na wewe unafanya kazi gani huko? Si unafungua mashine za bantu mpaka vidole vinauma? Kutoka kwako mpaka kwangu ni saa tatu, Ruhwa iko katikati. Mwezi mzima unanituma mimi na kisu na unyoya wa kuku ndani ya mashine, na mimi nimekubali, nikasema labda hivi ndivyo anavyorudi nyumbani, kidogo kidogo, kwa karatasi. Sasa karatasi imeisha kazi.

Imebaki mara moja. Basi hiyo mara ni yako. Nimechomoa, nimefunika. Jana sikumsikiliza. Nimekaa mbele ya kitambaa nikamwambia, "Mzee, subiri, mtoto yuko njiani." Usinifanye niwe muongo kwa marehemu.

Na nitakuambia kitu nilichokuficha. Mwisho kabisa, baada ya hadithi zote, kuna maneno yako. Aliyasema peke yake, mlango umefungwa, ule mwaka wa mwisho, ili uyakute ukija Noeli. Hukuja Noeli. Siyaandiki hapa. Hakuniambia mimi, aliiambia mashine.

Hukuja kumzika pia. Nililia, nikakukasirikia, nikamaliza. Kosa langu ni kwamba nimekungoja miaka mitatu bila kukuita, nikidhani muntu mzima haitwi. Leo nakuita. Njoo.

Koko yako


Bujumbura, 26 Novemba 2009

Koko yangu,

Najua ni wiki sita. Nzigire amepita kwangu kila juma, na kila juma nimemwambia barua haijawa tayari. Pole na goti, pole na Jumapili zote hizi. Mimi mzima wa mwili.

Bisibisi ya mshiko mwekundu iko kwangu. Asubuhi ile ninaondoka kuja Bujumbura niliichukua mezani kwake, kwa sababu ina alama za meno yake. Nilitaka kumwambia nikifika. Lakini nilipofika akanipigia simu, akipiga kelele kama kawaida yake: "Bahizire ameniibia bisibisi, nimemwambia ahamishe kiti chake." Watu waliokaa pamoja miaka ishirini. Na mimi nikanyamaza, Koko. Nikasema "pole Mzee". Kila alipopiga nilinyamaza tena, na ikawa ngumu zaidi. Ndiyo maana Noeli sikuja.

Alipokufa nilipanda gari. Nilifika mpaka Ruhwa, nikaona foleni ya kugonga muhuri, nikafikiria Bahizire atakuwa anabeba jeneza, na mimi nina bisibisi kwenye mkoba. Nikarudi. Hilo ndilo nililofanya.

Ulipoandika kwamba Bahizire amekupa betri bure, sikuweza kula.

Nitakuja Jumamosi tarehe tano na diski mpya. Maneno yake kwangu nayaogopa. Ila tafadhali, tuhamishe kwanza, tusikilize baadaye. Hivyo ndivyo kazi inavyotaka.

Mjukuu wako, kama bado,
Feza


Kamembe, 7 Desemba 2009

Feza, mjukuu wangu bila "kama",

Umefika salama? Nzigire alikuona ukipanda gari umeshika ule mfuko wa sambaza mbele kama mtoto. Zikaushe tena juani, zisioze. Goti langu leo limenyamaza, na mvua inanyesha, sielewi.

Barua yako ile, sikukuambia: Bernadette aliisoma akaanza kulia katikati. Nikamwambia soma kwanza, utalia kwako.

Nimekaa nafikiria juzi. Umelia ukisema ni kosa lako mashine kufa. Hapana. Wewe ulitaka kuhamisha kwanza, mimi nikakukatalia, nikasema muntu aliyengoja miaka mitatu hasikilizwi baadaye. Mashine ikasema mpaka mwisho, bila krr hata moja, kama Mzee aliishika kwa mkono. Halafu kwenye kuhamisha ikatuachia hadithi ya mbuzi, ikatuachia wimbo wake, ikatuachia kile kicheko chake, ikafika mwisho ikakata. Kosa ni langu, na ningelifanya tena.

Kwa hiyo yale ya mwisho hayako kwenye diski yako. Yako kwa bantu batatu tu, wewe, Bernadette na mimi, na mmoja wetu ana goti. Bernadette ameyaandika hapa kama tulivyoyasikia, usije ukasema uliota:

"Feza. Unasikia ninavyosema vizuri leo? Ni kwa sababu bisibisi haiko mdomoni. Nimefikiri, nimeona iko na wewe. Bahizire nimemwomba msamaha, amerudisha kiti chake, tumekunywa. Kwa simu nashindwa kukuambia, nina haya, nilipiga kelele sana. Wewe kaa nayo. Ila siku moja uilete, ione nyumbani. Haya. Mama, hii inazimwa wapi?"

Bahizire jana baada ya misa amepita kunisalimu. Bado anacheka vile ulivyomnyooshea bisibisi kwa mikono miwili kama unampa mkate wa komunyo. "Kabla sijamrudishia nimetazama yale meno," anasema, "huyu Mzee alitafuna chuma zaidi ya nyama." Nimempa chai.

Betri uliiweka ukasema hata kama diski imekufa, tarehe iko sawa. Sitawasha kuiangalia. Najua ni siku gani.

Sasa neno la mwisho, Bernadette ana maharagwe motoni. Leo asubuhi napangusa meza, bisibisi iko pale, pembeni ya kikombe. Umeisahau, au umejifanya kusahau, sijali. Nzigire amesema atakuletea. Nimemkatalia. Ile haipandi gari peke yake.

Njoo uichukue.

Koko yako